Presha ya Jicho Moja: Glakoma Inayoletwa na Hepesi

Glakoma inayotokana na virusi vya hepesi kwa kawaida ni ugonjwa wa jicho moja. Glakoma iliyozoeleka, ile ambayo katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki huitwa presha ya macho, hushika macho yote mawili, huja polepole na haiumi. Mgonjwa huishtukia siku anapogonga fremu ya mlango kwa upande ambao hauoni tena. Hii ya virusi haina subira hiyo. Jicho moja linakuwa jekundu, linauma kwa ndani hasa likipigwa na mwanga, taa za usiku zinazungukwa na duara za rangi za upinde wa mvua, na ukungu unatanda mbele kana kwamba mtu anachungulia kupitia kioo kilichopata mvuke. Likipimwa, presha yake huweza kufika 45 ilhali jicho la pili lina 14.

Namba hizo ni milimita za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu, ingawa presha hizi mbili hazifuatani: mtu anaweza kuwa na presha ya damu iliyotulia kabisa na jicho likawa gumu kama gololi. Jicho hutengeneza majimaji yake ya ndani mfululizo, usiku na mchana. Majimaji hayo, ambayo hayana uhusiano na machozi, hutoka nyuma ya irisi, lile duara lenye rangi, yakapita kwenye mboni hadi chumba cha mbele cha jicho, kisha yakachujwa na kutoka kupitia chujio dogo lililojificha pembeni, mahali irisi inapokutana na konea, kioo cha mbele cha jicho. Kinachoingia kikiwa sawa na kinachotoka, presha hubaki kati ya 10 na 21 hivi. Chujio likiziba, presha hupanda, na neva inayobeba picha kwenda kwenye ubongo huanza kufa nyuzi moja baada ya nyingine.

Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Wengi wao walikuwa na ile ya polepole. Ya virusi ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo, lakini haingoji umri wa miaka 40, na ni mojawapo ya glakoma chache ambazo chanzo chake kina dawa.

Virusi vinavyohusika ni ndugu watatu wa ukoo mmoja. Wa kwanza ni hepesi simpleksi, anayeleta vile vimalengelenge vya mdomoni ambavyo wengi huvichukulia kuwa ni homa inayotoka. Zaidi ya nusu ya watu duniani walio chini ya miaka 50 wanabeba aina ya kwanza ya kirusi hiki, wengi wakiwa wamekipata utotoni bila kujua. Wa pili ni kirusi cha tetekuwanga, ambacho mtoto akishapona hakiondoki bali hujichimbia kwenye neva, kikaja kuibuka miaka mingi baadaye kama mkanda wa jeshi. Wa tatu ni sitomegalovirusi, asiyejulikana sana mitaani. Wote watatu wana tabia moja: mwili hauwafukuzi kamwe. Wawili wa kwanza hulala kwenye fundo la neva lililo chini ya ubongo, ambalo hupeleka hisia usoni na machoni, na siku kinga ikilegea hushuka kwa njia hiyohiyo ya neva hadi kwenye jicho.

Virusi vikifika ndani ya jicho huamsha uvimbe wa irisi na tishu jirani, hali ambayo madaktari huiita uveitisi. Kwa kawaida uveitisi hushusha presha, kwa sababu kiwanda cha majimaji nacho huvimba na kupunguza kazi. Jicho lenye uveitisi linalokuja na presha ya juu tangu siku ya kwanza, tena upande mmoja, humfanya daktari mzoefu afikirie hepesi kabla ya jambo lingine. Sababu ni kwamba virusi hivi hushambulia chujio lenyewe. Linavimba kama sifongo iliyolowa maji, matundu yake yanabana, kisha seli za ulinzi na protini zilizomwagika kwenye majimaji zinakuja kuziba kilichobaki. Huo ndio mziba wa siku za mwanzo, na uzuri wake ni kwamba unafunguka uvimbe ukiisha.

Kuna mziba mwingine usiofunguka. Irisi iliyovimba hunata. Ikinata kwenye lenzi iliyo nyuma yake kuzunguka mboni yote, majimaji hukosa njia ya kuja mbele, yanaisukuma irisi hadi inajaa kama tanga lililoshika upepo, na presha inaruka ndani ya saa chache. Ikinata pembeni, juu ya chujio, inalifunika kama godoro lililotupwa juu ya mtaro. Mashambulizi yakirudia mara tatu au nne, hata pasipo kunata, chujio huota makovu. Hapo ndipo tatizo la wiki chache linapogeuka kuwa glakoma ya maisha. Katika kundi moja la wagonjwa wa hepesi ya ndani ya jicho lililochunguzwa miaka ya 1970, presha ilipanda kwa zaidi ya robo yao, na kama mmoja katika kumi alibaki na madhara ya glakoma.

Utambuzi kwa sehemu kubwa hufanywa kwa macho ya daktari, si kwa maabara. Kipimo cha kutafuta vinasaba vya virusi kwenye tone la majimaji kutoka ndani ya jicho kipo, ila kinahitaji sindano ndani ya jicho na maabara ambayo hospitali nyingi hazina. Kwa hiyo mgonjwa huweka kidevu kwenye kishikizo, paji la uso kwenye mkanda, na daktari humchungulia kwa darubini yenye mwanga mwembamba kama ncha ya kisu. Nyuma ya konea huonekana vidoa vidogo vyenye ute, mara nyingi vimejikusanya chini. Mwanga ukipigwa moja kwa moja kupitia mboni, irisi hung'aa nyekundu katika kipande kimoja, kama kipande cha keki, mahali rangi ilipoliwa. Alama hiyo ya pembe moja ya irisi iliyofifia haiachwi na magonjwa mengi. Kisha hufuata kipimo kisichogharimu hata shilingi: pamba husokotwa hadi ncha yake inakuwa unyuzi, ikaguswa taratibu kwenye konea kabla ya dawa yoyote ya ganzi. Jicho zima huruka. Jicho lenye hepesi mara nyingi hutulia tuli, kwa sababu neva ya hisia imeshaumizwa. Ni kipimo kinachosahaulika mno, kwa kuwa ganzi ya kupimia presha hutangulia kuwekwa na nafasi inapotea.

Rangi ya manjano huwekwa pia, na kumulikwa kwa mwanga wa buluu. Kama virusi viko kwenye ngozi ya juu ya konea, kidonda hujichora kijani chenye matawi kama mti uliopukutisha majani. Mwenye kidonda hicho hapewi steroidi ya matone, dawa ya kutuliza uvimbe, mpaka kifunge, na hapa ndipo madhara mengi yanapotokea mitaani. Duka la dawa huuza chupa ndogo yenye deksamethasoni, ambayo ni steroidi, iliyochanganywa na dawa ya bakteria, wekundu unapungua ndani ya siku mbili, mgonjwa anashukuru na kununua ya pili. Virusi navyo vinashukuru. Matawi yanaungana kuwa kidonda kipana kama ramani, na konea inabaki na kovu ambalo halitaondoka hata presha ikitibiwa vizuri.

Mkanda wa jeshi unadai maelezo yake. Ukitokea kwenye paji la uso na kope, upande mmoja tu, usiovuka mstari wa katikati, jicho liko hatarini. Jonathan Hutchinson, daktari wa London wa karne ya 19, aliona kwamba malengelenge yakifika ncha ya pua, jicho huwa linafuata, kwa sababu tawi moja la neva linahudumia sehemu zote mbili. Dalili hiyo bado inafundishwa kwa jina lake. Kidonge cha kuzuia virusi kikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kuonekana, hatari kwa jicho hupungua sana. Ulaya mkanda wa jeshi wa usoni ni ugonjwa wa wazee. Katika Afrika Mashariki umekuwa ukionekana kwa watu wa miaka 25 au 30 tangu enzi za mwanzo za UKIMWI, ndiyo maana kijana mwenye mkanda huo hupendekezwa kupima VVU. Wapo pia ambao unawatokea miezi michache baada ya kuanza ARV, kinga inapoamka na kuanza kupambana na kirusi kilichokuwa kimelala. Kutokea huko si sababu ya kuacha ARV. Uvimbe wa ndani ya jicho wakati mwingine huja wiki kadhaa baada ya ngozi kukauka, mgonjwa akiwa ameshajiona amepona, na kovu la pajini ndilo linalompa daktari jibu.

Matibabu yana kazi tatu zinazokwenda pamoja: kuzuia virusi, kutuliza uvimbe, kushusha presha. Anayeshusha presha peke yake anatibu namba. Kosa hili ni la kawaida, na linaeleweka, maana mgonjwa na daktari wote wanaitazama namba hiyo kila ziara.

Kwa virusi, dawa ya msingi ni asiklovia, iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na wenzake wa Marekani katika miaka ya 1970. Elion alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ujanja wa dawa hii ni kwamba kidonge kinaingia mwilini kikiwa kimezimwa, na kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho kinachokiwasha. Seli zisizo na kirusi haziguswi sana. Kwa hepesi simpleksi ya ndani ya jicho, kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 400 mara 5 kwa siku. Kwa mkanda wa jeshi ni 800 mara 5. Mara tano kwa siku ni mzigo, na wengi huruka dozi ya mchana kazini. Valasiklovia humezwa mara 3 tu, ila bei yake iko juu. Figo zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa, na maji ya kunywa huongezwa. Mafuta ya asiklovia ya kupaka machoni yanafaa kidonda cha juu ya konea, lakini kwa uveitisi vidonge ndivyo vinavyotegemewa.

Sitomegalovirusi haisikii asiklovia vizuri. Mwaka 1948 madaktari wawili wa New York, Posner na Schlossman, walieleza wagonjwa ambao jicho moja lilipandisha presha hadi 40 au 60, likiwa karibu jeupe, bila maumivu makubwa, likatulia lenyewe kisha likarudia. Kwa miongo mingi chanzo hakikujulikana. Sasa imeonekana kwamba wengi wao, hasa barani Asia, wana kirusi hiki ndani ya jicho. Dawa yake ni gansiklovia ya jeli au valigansiklovia ya kumeza, ambayo hushusha chembe za damu na kwa hiyo hupimiwa damu mara kwa mara.

Kwa uvimbe hutumika prednisoloni, steroidi ya matone, chini ya kivuli cha kidonge cha virusi. Chupa hii inahitaji kutikiswa. Dawa hutuama chini kama unga mweupe, na anayedondosha bila kutikisa anajiwekea maji wiki ya kwanza, na dawa nzito wiki ya mwisho. Pamoja nayo huwekwa atropini au dawa ndogo za jamii yake, ili mboni ipanuke, maumivu yapungue na irisi isipate nafasi ya kunata. Mgonjwa aonywe kwamba hataweza kusoma kwa jicho hilo kwa siku kadhaa, la sivyo atadhani dawa inampofusha na ataiacha.

Ugumu wote wa ugonjwa huu umo kwenye steroidi. Kwa sababu presha imetokana na uvimbe, steroidi huishusha. Nayo hiyohiyo, kwa takriban mtu mmoja katika watatu, hupandisha presha kwa kiasi fulani ikitumika kwa wiki kadhaa, na kwa wachache huipandisha sana. Chukua mgonjwa aliyekuja na 48, siku ya saba akawa na 16, kila mtu akafurahi, wiki ya nne akarudi na 34. Yawezekana virusi vimerudi kwa kuwa matone yalipunguzwa haraka. Yawezekana ni dawa yenyewe. Au kiwanda cha majimaji, kilichokuwa kimelala kwa uvimbe, kimepona na kurudi kazini, kikakuta mtaro una makovu. Matibabu ya hali mbili za kwanza yanapingana: ya kwanza inataka steroidi iongezwe, ya pili inataka ipunguzwe.

Jibu liko kwenye darubini. Majimaji yakiwa na seli zinazoelea kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha, uvimbe ungalipo, na swali la kwanza ni kama vidonge vinamezwa kweli. Majimaji yakiwa safi na jicho jeupe, steroidi ndiyo mtuhumiwa, na hubadilishwa kuwa nyepesi zaidi kama fluorometholoni huku ikishushwa. Kalenda nayo husaidia: presha ya steroidi mara nyingi huchukua wiki 2 hadi 6 kujitokeza, hivyo iliyopanda siku ya tatu si yake. Kuikatisha ghafla kwa hofu ya namba ni kosa baya kuliko namba yenyewe, kwani uvimbe hurudi kwa kishindo. Matone hupunguzwa kwa wiki na miezi, na wapo wagonjwa wanaobaki na tone moja kwa siku, au moja kila baada ya siku mbili, kwa mwaka mzima.

Dawa za kushusha presha ni zilezile za glakoma nyingine, ila mpangilio unabadilika. Timolol hutangulia, isipokuwa kwa mwenye pumu au mapigo ya moyo ya taratibu, ambaye tone moja linaweza kumbana kifua. Dozolamidi huongezwa. Latanoprosti, ambayo katika glakoma ya kawaida huwa chaguo la kwanza, hapa hurudishwa nyuma ya foleni, kwa kuwa zipo taarifa za kuamsha hepesi ya konea na kuchochea uvimbe. Si marufuku, lakini haianzi. Pilokapini, dawa ya zamani inayobana mboni, haifai kabisa kwa irisi inayotafuta pa kunata. Presha ikiwa juu sana humezwa asetazolamidi. Vidole na midomo huwasha kama vinatambaliwa na sisimizi, mkojo unaongezeka, na soda inakuwa chapwa mdomoni. Mambo hayo hayana hatari, lakini mwenye selimundu, figo mbovu au mzio wa salfa lazima aseme kabla. Mwenye chupa tatu za matone huacha dakika 5 kati ya moja na nyingine, akibana pembe ya jicho karibu na pua ili dawa isishukie kooni.

Kipimo cha presha chenyewe hudanganya. Konea iliyovimba maji hulainika na kutoa namba ndogo kuliko ukweli. Yenye kovu gumu hutoa kubwa. Hivyo daktari huangalia neva kila anapoweza kuiona, na mboni ikipanuka hukagua pia retina, kwa sababu mara chache virusi hivihivi huvuka nyuma na kuiozesha, jambo linalohitaji dawa ya mshipa siku hiyohiyo.

Irisi iliyojaa kama tanga hutobolewa kwa leza, tundu dogo la kupitishia majimaji, na mara nyingi presha hushuka mgonjwa akiwa bado kitini. Ile leza inayopigwa kwenye chujio kwa glakoma ya kawaida haitumiki hapa. Huchokoza uvimbe bila faida. Makovu yakishinda dawa hubaki upasuaji. Njia moja ni kufungua mlango mdogo kwenye ukuta wa jicho ili majimaji yatokee chini ya ngozi nyembamba ya juu, huku ikipakwa mitomisini kuzuia kovu. Nyingine ni kuweka mrija unaopeleka majimaji kwenye kisahani kilichoshonwa nyuma ya kope, ambao katika jicho lenye historia ya uvimbe mara nyingi hudumu zaidi. Mrija unaotengenezwa India umepunguza gharama ya kazi hii. Madaktari hupenda jicho liwe limetulia miezi 3 kabla ya kisu, na kidonge cha virusi huanza kabla ya upasuaji na kuendelea baada yake, kwani mkwaruzo wa upasuaji peke yake unatosha kuwaamsha waliolala. Kanuni hiyohiyo hufuatwa mtoto wa jicho anapoondolewa, naye huwa haepukiki, maana uvimbe na steroidi vyote viwili humleta mapema.

Kuhusu kuzuia ugonjwa usirudi, ushahidi mzuri zaidi ulitoka Marekani mwaka 1998. Wagonjwa 703 waliowahi kuugua hepesi ya macho waligawanywa. Waliomeza asiklovia miligramu 400 mara 2 kwa siku kwa mwaka mmoja, 19 katika 100 walirudiwa, dhidi ya 32 katika 100 kwa waliopewa kidonge kitupu. Walipoacha, kinga haikuendelea. Kwa uveitisi yenyewe jaribio la namna hiyo lilisimama likiwa na wagonjwa 50 tu, kwa kuwa waliojiunga walikuwa wachache, hivyo mengi yanayofanywa kliniki yanategemea uzoefu. Uzoefu huo unasema mwenye mashambulizi mawili kwa mwaka, au ambaye neva yake imeshaliwa, hunufaika na kidonge hicho kwa mwaka au zaidi, akipimwa figo, na presha ikiangaliwa kila miezi michache hata jicho likiwa jeupe. Shambulio jipya mgonjwa mwenyewe hulitambua kabla ya mashine: zile duara za rangi zimerudi kwenye taa ya barabarani, upande uleule.